Mizani Isiyo na Mawe: Rangi na Hukumu za Watu Nchini Marekani

Tuwachukulie ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja, waliozaliwa na kulelewa hapa Mombasa. Babu yao mzaa baba alikuja kwa jahazi kutoka Hadhramaut. Bibi yao mzaa mama ni mtu wa Lamu. Kama inavyotokea katika nyumba nyingi za pwani, Mwenyezi Mungu amempa mmoja rangi ya babu na mwingine rangi ya bibi. Wamekula sinia moja, wamesoma chuo kimoja, na haijapata kumpitikia yeyote nyumbani kwamba wao ni watu wa aina mbili.

Sasa tuwafikishe Marekani kwa masomo. Siku za mwanzo tu, kila mmoja atawekewa mbele yake fomu yenye orodha ya rangi na asili za wanadamu, atakiwe atie alama panapomhusu. Kwa miaka mingi maelezo ya serikali ya nchi ile yalisema kwamba mwenye asili ya Mashariki ya Kati au Afrika ya Kaskazini ni mweupe, na mwenye asili ya watu weusi wa Afrika ni mweusi. Ndugu zetu hawa wana asili zote mbili, na fomu huwaruhusu kutia alama zaidi ya moja. Lakini njiani, dukani na mbele ya askari hakuna fomu. Huko kila mmoja atasomwa kwa uso wake, na yamkini jioni watarudi chumbani na habari mbili tofauti za mji mmoja.

Familia nyingi za mwambao zina mtoto, mpwa au jirani aliyeko huko, na nyingine zinajiandaa kupeleka. Kwa hivyo yafaa tujue mizani hii ya rangi ilitengenezwaje, nani aliishika, na inamtegea mtego gani mgeni anayepimwa kwayo.

Mtu huru aliye mweupe

Mwaka 1790, muda mfupi baada ya Wamarekani kujitawala, Bunge lao lilipitisha sheria ya kwanza ya kuwapa wageni uraia. Sheria ile iliweka sharti kwamba mwombaji awe mtu huru aliye mweupe. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na kukomeshwa kwa utumwa, mwaka 1870 mlango ulifunguliwa pia kwa watu wenye asili ya Kiafrika. Baina ya makundi hayo mawili walibaki wanadamu wengi ambao sheria haikuwataja: Wajapani, Wahindi, Waarabu, Washami na wengineo. Je, hawa ni weupe au si weupe?

Bunge halikueleza. Kazi hiyo iliwaangukia mahakimu, na tangu mwaka 1878 hadi 1952 makumi ya wageni walisimama mahakamani, karibu wote wakidai jambo moja: kwamba wao ni weupe. Mwenye duka la rejareja anajua kwamba mizani haifai kitu bila mawe yake. Akiwa na jiwe la kilo moja, atapima kilo moja leo, kesho na mwaka ujao, kwa tajiri na kwa maskini. Mahakama za Marekani zilikuwa na mizani, lakini mawe hazikuwa nayo. Kila kesi ilipofika, ilibidi litafutwe jiwe jipya.

Mjapani na Mpunjabi

Takao Ozawa alizaliwa Japani, akafika California angali kijana, akasoma huko hadi chuo kikuu, kisha akahamia Honolulu. Alipokuwa akiomba uraia alikuwa ameishi katika ardhi ya Marekani miaka 20. Nyumbani kwake kilizungumzwa Kiingereza, na watoto wake walisoma shule za Kimarekani. Alitoa hoja kwamba kama kipimo ni ngozi, basi wako Wajapani weupe kuliko watu wengi wa kusini mwa Ulaya. Mahakama ya Juu ilimjibu mwezi Novemba 1922. Ilisema kwamba rangi ya ngozi haiwezi kuwa kipimo, kwa kuwa hutofautiana hata baina ya watu wa asili moja. Mweupe, ilisema, maana yake ni mtu wa jamii ambayo wataalamu wa zama zile waliiita Kaukasia. Na Mjapani si wa jamii hiyo. Ozawa akakataliwa.

Haukupita hata mwaka nusu. Bhagat Singh Thind, mtu wa Punjabi na wa dini ya Sikh, wale tunaowaita Makalasinga, aliyekuwa amevaa sare ya jeshi la Marekani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alifika mbele ya mahakama ile ile. Hoja yake ilijengwa juu ya hukumu ya Ozawa: ikiwa kipimo ni kuwa Mkaukasia, basi wataalamu hao hao wamewahesabu watu wa kaskazini mwa India katika jamii hiyo. Mwezi Februari 1923 majaji wakageuza jiwe. Walisema kwamba neno mweupe lisifasiriwe kwa elimu ya wataalamu, bali kwa namna analivyolielewa mtu wa kawaida, na mtu wa kawaida hamhesabu Mhindi kuwa mweupe. Thind naye akakataliwa. Hukumu zote mbili ziliandikwa na jaji mmoja, George Sutherland, ambaye mwenyewe alizaliwa Uingereza, akaletwa Marekani angali mtoto.

Ozawa alileta ngozi, akaambiwa elimu. Thind alileta elimu, akaambiwa ngozi. Baada ya hukumu hiyo, Wahindi kadhaa waliokwisha kupata uraia walipokonywa. Mmoja wao, Vaishno Das Bagai, alikuwa mfanyabiashara wa San Francisco aliyehamia huko na mke na watoto. Alipovuliwa uraia, sheria za California dhidi ya wageni zilimwondolea haki ya kumiliki mali yake, na alipotaka kusafiri kwenda kwao hakupewa pasipoti ya Marekani. Mwaka 1928 alijitoa uhai, akiacha barua iliyoeleza masikitiko yake. Mtu huweza kuyachukua mambo haya kama mabishano ya maneno ya kisheria. Kwa mjane wa Bagai na watoto wake hayakuwa maneno.

Myemeni mbele ya hakimu

Kesi inayotugusa sisi zaidi ni ya Ahmed Hassan, mzaliwa wa Yemen. Mwaka 1942 aliomba uraia katika mahakama ya shirikisho huko Michigan. Alijua kwamba rangi yake ingetiliwa shaka, basi akaja na hati za maandishi zilizoeleza kwamba weusi wa watu wa kwao umetokana na jua kali na joto la nchi. Hebu tafakari, ndugu msomaji, hali ya mtu mzima anayelazimika kuitolea ngozi yake udhuru mbele ya mtu mwingine.

Udhuru haukupokewa. Hakimu alitaja weusi wake, akataja umbali wa Yemen kutoka Ulaya, kisha akaongeza dini: kwamba baina ya ulimwengu wa Kiislamu na Ulaya ya Kikristo kuna bonde pana, na kwa hivyo Waarabu hawatarajiwi kuoana na Wamarekani na kuingiliana nao kwa urahisi. Ombi lilikataliwa. Katika mizani iliyodaiwa kuwa ya rangi, imani nayo ilikuwa imetiwa katika kitanga.

Miaka miwili haijatimia, mwaka 1944, Mwarabu mwingine, Mohamed Mohriez, alisimama mbele ya hakimu wa Massachusetts. Hakimu huyu alikumbusha mchango wa Waarabu katika ustaarabu wa Ulaya, akawataja Ibn Sina na Ibn Rushd, akataja aljebra na utabibu, na Uhispania na Sisilia. Aliandika pia akikumbuka kwamba nchi yake ilikuwa vitani ikitangaza usawa wa wanadamu. Mohriez akapata uraia, kwa kuwa safari hii Mwarabu alihesabiwa kuwa mweupe.

Mtu wa Yemen, basi, hakuwa mweupe mwaka 1942. Baadaye fomu za serikali zikamwita mweupe kwa miongo mingi. Mwezi Machi 2024 serikali ya Marekani ikatangaza kundi jipya la watu wa Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini, akatolewa katika weupe na kupewa mahali pake. Ngozi yake ni ile ile aliyopewa na Muumba wake.

Sharti la rangi katika uraia liliondolewa na sheria ya mwaka 1952. Lakini sheria inaweza kufutwa kwa kura ya siku moja, na yale iliyoyapanda katika macho ya watu yakabaki.

Wanasesere wanne

Namna yanavyobaki ilionyeshwa na mtu na mkewe, Kenneth na Mamie Clark, wataalamu weusi wa saikolojia. Katika miaka ya mwisho ya 1930 na ya 1940 waliwawekea watoto weusi wa miaka mitatu hadi saba wanasesere wanne, sawa kwa kila kitu ila rangi: wawili wa kahawia na wawili weupe. Wakawauliza: nipe yule mzuri, nipe yule unayependa kucheza naye, nipe yule anayeonekana mbaya. Wengi wa watoto walimchagua mweupe kuwa mzuri na wa kahawia kuwa mbaya. Swali la mwisho lilikuwa: nipe yule anayefanana nawe. Wako watoto waliolia na kutoka chumbani, kwani walitakiwa kumshika kwa mkono wao yule ambaye punde tu walimwita mbaya.

Hakuna mzazi aliyewafundisha watoto wale kujidharau. Walijifunza kwa kuangalia: shule ipi ina madirisha mazima, bibi yupi anaitwa kwa heshima na yupi anaitwa kama mtoto, ni nani anayepishwa njia. Mwaka 1954, Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba kuwatenga wanafunzi kwa rangi ni kinyume cha katiba, utafiti wa kina Clark ulikuwa miongoni mwa tafiti zilizotajwa katika hukumu hiyo.

Aisha, Jamal na Rasheed

Yumkini mtu atasema hayo ni ya zamani. Basi tutazame ya karne hii. Mwaka 2001 na 2002 wachumi wawili, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, walituma maombi ya kazi yapatayo 5,000 kwa waajiri waliotangaza nafasi katika miji ya Boston na Chicago. Waombaji hawakuwepo, wasifu wao ulitungwa, na majina yakagawanywa kwa bahati nasibu. Nusu ya wasifu ulipewa majina yanayosikika huko kuwa ya weupe, kama Emily na Greg. Nusu nyingine ulipewa majina yanayosikika kuwa ya weusi.

Ni majina gani hayo? Baadhi yake ni Aisha, Jamal, Hakim, Kareem na Rasheed. Ingia katika madrasa yoyote ya mtaani kwetu uite majina haya matano, uone mikono mingapi itainuka. Hata Kenya lilikuwamo, kwani kule ni jina la kike.

Mwenye jina la kizungu alipigiwa simu mara moja kwa kila maombi kama 10. Mwenye jina lililosikika kuwa la mtu mweusi ilimpasa atume kama 15. Jambo la pili linaumiza zaidi. Wasifu wa Emily ulipoongezewa ujuzi na uzoefu, simu ziliongezeka sana. Wa Lakisha ulipoongezewa vivyo hivyo, nyongeza ilikuwa ndogo. Sisi huwaambia watoto wetu kwamba elimu ndiyo ufunguo, na tuendelee kuwaambia. Lakini ni haki wajue kwamba iko milango ambayo kitasa chake hugeuka kwa taabu zaidi kwa wengine.

Zama hizo hizo, katika mji wa Milwaukee, mtafiti Devah Pager aliwatuma vijana wanne, weupe wawili na weusi wawili, kwenda kuomba kazi za kawaida. Walivaa vizuri na kuzungumza vizuri. Kwa zamu, mmoja wa kila jozi alieleza kwamba amewahi kufungwa jela. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 ni haya: kijana mweupe asiye na kosa aliitwa mara 34 katika kila 100; mweupe aliyesema kuwa alifungwa, mara 17; mweusi asiye na kosa lolote, mara 14; na mweusi aliyesema kuwa alifungwa, mara 5. Tazama nambari za katikati. Mweupe aliyekiri kosa alitangulizwa mbele ya mweusi asiye na hatia. Mweusi yule alikuwa amekwisha kuhukumiwa kabla hajafungua mdomo.

Haina maana kwamba kila mwajiri wa nchi ile ana chuki moyoni. Wengi wao wangeapa kwamba wanamtazama mtu kwa kazi yake tu, na hawangekuwa wakisema uongo kwa kadiri wanavyojijua. Fikra iliyorithiwa haibishi hodi. Hukutwa imeketi ndani.

Mtego wa kutafuta kitanga kizuri

Hapa ndipo tunapofika kwenye mtego. Ozawa hakuiambia mahakama kwamba si haki kumpima mtu kwa rangi. Alisema yeye ni mweupe. Hassan naye alileta hati za kueleza kwamba weusi wake ni wa jua. Hatuwalaumu, kwani sheria haikuwaachia njia nyingine. Lakini hata Mohriez aliyeshinda, alishinda kwa kuhamishwa kitanga, na mizani ikabaki imeninginia kwa ajili ya watakaofuata.

Mgeni wa leo hushawishika kufanya vivyo hivyo kwa hiari yake. Kijana wetu akifika huko husikia kunong'onezwa kwamba weusi wenyeji ni wavivu, ni wahalifu, hawapendi shule. Naye akitaka kuonekana mwema, hufanya haraka kusema: mimi si kama wale, mimi ni Mwafrika, au ni Mwarabu, au ni Mswahili. Anasahau mambo mawili. La kwanza, askari aliyemsimamisha usiku hakumwuliza nasaba yake. La pili, mlango alioingilia ulifunguliwa katika zama za mapambano ya hao hao anaowakana. Ni katika enzi ya harakati za haki za raia, zilizobebwa na weusi wa Marekani waliopigwa, kufungwa na wengine kuuawa, ndipo ilipopitishwa sheria ya mwaka 1965 iliyofuta mgao wa wahamiaji uliowapendelea watu wa Ulaya. Kumdharau mtu aliyekushikia mlango ni utovu wa shukrani.

Aliyeitupa mizani

Mfano wa mtu aliyeiacha mizani hii tunao. Malcolm X alikuwa ameteswa na ubaguzi tangu utotoni, na kwa miaka kadhaa alihubiri kwamba mtu mweupe ni mwovu kwa maumbile yake. Mwezi Aprili 1964 alikwenda kuhiji Makka. Huko alikula chombo kimoja na kusali safu moja na watu wa kila rangi, wakiwamo ambao kwao Marekani wangeitwa weupe, na akaandika barua nyumbani kukiri kwamba yale aliyoyaona yamemlazimisha kuyapanga upya mawazo yake. Mwezi Oktoba mwaka huo huo, akiitwa Al-Haji Malik El-Shabazz, alifika Zanzibar, Dar es Salaam na Nairobi. Aliuawa New York tarehe 21 Februari 1965.

Hakurudi kwao akidai kwamba dhuluma imekwisha. Aliendelea kuipinga hadi siku yake ya mwisho. Alichokiacha ni desturi ya kumhukumu mtu mmoja mmoja kwa ngozi yake, na aliiacha wakati yeye mwenyewe angali anahukumiwa kwayo.

Na sisi je?

Ni rahisi kuyasoma haya na kuisikitikia Marekani. Lakini mtoto akizaliwa katika nyumba zetu, swali la kwanza baada ya salama ya mama ni lipi? Mara nyingi ni amechukua rangi ya nani, na nywele zake ni za singa au za kipilipili. Msichana akiposwa, wako wanaouliza dini na tabia ya mposaji mwishoni, baada ya kuuliza ukoo na rangi yake. Krimu za kung'arisha ngozi hazikosi wanunuzi madukani, na mtoto wa miaka mitano anamwona mama yake akijipaka. Hatuna haja ya wanasesere wanne ili kujua anajifunza nini.

Qur'ani Tukufu, katika Surat al-Hujurat, imetufunza kwamba tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora mbele ya Mwenyezi Mungu ni mcha Mungu zaidi. Hilo ndilo jiwe la mizani lisilobadilika, na hatukupewa sisi wanadamu kulishika, kwani yaliyomo moyoni tusiyaone.

Tukirudi kwa wale ndugu wawili, siku ya kuagana uwanja wa ndege mzazi atakuwa na mengi ya kusema: swala, masomo, baridi, pesa. Tunapendekeza aongeze moja. Awaambie kwamba watapimwa kwa mizani ambayo hawakuitengeneza, nao wasijidharau kwa sababu yake. Amwambie yule mweupe kwamba akikaribishwa mahali ambapo nduguye amezuiliwa, asiingie peke yake. Na asubiri kulisema hilo uwanja wa ndege kwa nini, ilhali anaweza kuanza leo, mezani, mtoto mwingine wa nyumba hiyo atakapomcheka mwenzake kwa weusi wake?

Wabillahi tawfiq.